Zamu ya Mjane

Kijana mmoja wa Kigamboni alimwandikia mama yake, kijumbe wa upatu, programu ndogo ndogo kwa lugha ya JavaScript. Kila moja ilipokea orodha, ikatenda jambo moja, ikaikabidhi iliyofuata, kama kitenzi kipokeavyo viambishi: pika, pikia, pikiana. Uzuri ulioje! Moja iliwachuja wasiolipa. Nyingine ilipanga majina kwa abjadi. Siku moja alitanguliza kupanga kabla ya kuchuja. Kuchuja huzaa orodha mpya, ya asili ikasalimika. Kupanga, katika lugha ile, huigeuza asili yenyewe. Zamu zikavurugika, na mjane aliyekuwa apokee Jumamosi akawa wa mwisho. Tangu 2023 lugha hiyo ina agizo jingine, lipangalo nakala tu, kijana hakulijua. Mama alifunua daftari lake la karatasi, na mjane akapata fedha zake.