Jimbo Lilipobadili Jina



Mama mmoja alitujia ofisini akiomba tumtafutie taarifa zake za ubatizo, ili ndoa yake ya miaka mingi ibarikiwe. Kadi yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Jina la parokia halikusomeka. Yalibaki maneno “Jimbo la Bukoba” na mwaka 1957. Tukaandika barua Bukoba, tukangoja. Mumewe, ambaye alikuwa mgonjwa, aliuliza kila Jumapili kama jibu limefika. Lilipofika, lilisema kwamba jina halikuonekana.

Kosa lilikuwa letu, wala si la waliotafuta. Mwaka 1953, majimbo yaliposimikwa rasmi katika Tanganyika, Rutabo na Bukoba yalikuwa majimbo mawili jirani. Mwaka 1960 Jimbo la Rutabo likapewa jina la Bukoba, na lile lililokuwa Bukoba likaitwa Rulenge. Ndilo Rulenge-Ngara tangu mwaka 2008, mwaka ambao pia Jimbo la Kayanga lilizaliwa kutoka humo. Basi tulikuwa tumebisha hodi nyumba ya jirani.

Orodha za maaskofu nazo zina mtego huo huo. Laurean Rugambwa ameandikwa Askofu wa Rutabo, kisha wa Bukoba, na msomaji mwenye haraka atadhani alihamishwa. La hasha! Alibaki na kundi lile lile; jina ndilo lililomfuata. Alipofanywa Kardinali, Machi 1960, alikuwa bado wa Rutabo. Uhamisho wa kweli ulikuja mwaka 1968, alipoteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam.

Tukaandika tena, safari hii Rulenge-Ngara na Kayanga. Jina la mama likapatikana katika kitabu cha zamani, pamoja na la msimamizi wake. Kanuni ya 535 inaagiza vitabu hivyo vya kale vitunzwe kwa uangalifu, na kwamba ndoa ya mbatizwa iandikwe humo humo, penye jina lake. Pambizoni mwa jina hilo palikuwa patupu.

Ndoa tuliibariki kando ya kitanda cha mgonjwa, mbele ya mashahidi wawili na wajukuu waliojaa mlangoni. Kesho yake tukatuma taarifa kwa paroko anayekitunza kitabu kile, na safari hii bahasha tuliisoma mara mbili.