Zimwi Tulipake Rangi Gani?



Juma hili naomba tutafakari jambo linaloonekana dogo: rangi ya zimwi. Vijana wetu hapa Mji Mkongwe wameletewa na ndugu yao aishiye Uingereza mchezo wa ubaoni, wenye vinyago vya plastiki vya mashujaa na mazimwi, kila kimoja kimo chake kama kidole gumba. Vyote huja vikiwa vya kijivu, na mchezaji mwenyewe ndiye huvipaka rangi: kwanza rangi moja ya msingi, kisha iliyokoza katika mikunjo na iliyofifia palipoinuka, ili sura ionekane.

Niliwakuta barazani wakibishana. Wengi walitaka mazimwi yawe meusi tititi, na mashujaa wapakwe "rangi ya ngozi". Kichupa chenye rangi hiyo kilikuwa cha waridi. Binti mmoja wa darasa la sita akaweka mkono wake kando ya kichupa, akauliza, "Baba, hii ni ngozi ya nani?"

Ndugu zangu, swali hilo ni zito. Watoto wetu walikuwa tayari kumpa adui rangi yao wenyewe, na kumpa mwokozi rangi ya mtu mwingine. Hakuna aliyewaketisha akawafundisha hivyo. Wameyaona katika filamu, vitabuni, na tuseme kweli, hata katika picha takatifu tunazozitundika nyumbani: Malaika Mikaeli mweupe, na Shetani mweusi chini ya mguu wake.

Lakini tukiyasoma Maandiko, joka la Ufunuo sura ya 12 ni jekundu. Naye Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho sura ya 11, anatuonya kwamba Shetani hujifanya malaika wa nuru. Basi, anayemtafuta Shetani kwa rangi nyeusi atapishana naye njiani asimtambue.

Wasanii wetu walilielewa jambo hili zamani. Tangu miaka ya 1950, wachongaji wa Kimakonde wamekuwa wakichonga mashetani kwa mpingo, wenye jicho moja au mdomo uliopinda. Ila mpingo huohuo mweusi hutoa pia mama aliyembeba mwanawe, na hutoa Bikira Maria. Weusi ni wa mti. Ubaya au wema umo katika umbo alilolitoa fundi.

Kisha akaja George Lilanga, aliyezaliwa kusini mwa Tanzania mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Alifanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa Shirika la Maryknoll. Lilanga aliwapaka mashetani wake njano, buluu na waridi, wenye masikio makubwa na matumbo yaliyotuna, wakicheza na kugombana kama majirani. Mtazamaji hucheka, kisha hujiona mwenyewe.

Vijana wetu nao wameamua: mazimwi yatakuwa ya kijani na zambarau. Kwa mashujaa wanachanganya nyekundu, njano na buluu kidogo, wapate kahawia za namna nyingi, kama nyuso zinazopishana Darajani.

Huenda mtu akasema huu ni mchezo tu. Nasi tukumbuke mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipoenea Pemba na kufika hapa Unguja. Watu walilala nje makundi kwa makundi. Zimwi lile halikuwa na sura iliyojulikana, hivyo watu wakalitafutia sura. Mgonjwa mmoja wa akili, aliyetoka bara kutafuta matibabu, alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa na umati mjini.

Hofu isiyo na uso huazima uso wa mtu, na mara nyingi huazima wa mgeni, wa mgonjwa, au wa yule ambaye rangi yake tumekwisha kuizoea kuwa ya zimwi. Wazazi na walezi, tuanze mapema. Mtoto anapochora adui, tumuulize kwa upole kwa nini amempa rangi ile. Na anapochora mtakatifu, tumsaidie kupata rangi inayofanana na ya mama yake.

Nawatakia Dominika njema.