Vipaza Sauti Vinne

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza, na kisa ninachokusimulia, msomaji mpenzi, ni matunda ya kutouliza kwangu.

Mnamo Novemba 2021, UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka tarehe kama hiyo mwaka 1954, ambapo chama cha TANU chini ya Julius Nyerere kilikitangaza Kiswahili kuwa chombo cha kupigania uhuru. Maadhimisho ya kwanza yaliangukia Julai 2022, na chama chetu cha wanafunzi hapa Kakamega hakikutaka kupitwa. Nilikabidhiwa jukumu la kutafuta mitambo ya sauti. Nililipokea kwa bashasha, maana nilidhani kazi yenyewe ni kupiga simu na kulipa.

Lo! Nchi nzima ilikuwa ikijiandaa kwa uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti. Kila spika iliyoweza kunguruma ilikuwa juu ya lori la mgombeaji fulani, ikihanikiza barabara ya Mumias na ya Webuye. Mafundi watatu walinicheka waziwazi. Wa nne, kijana mwenye kibanda karibu na soko, alikubali kwa shilingi 12,000 pamoja na jenereta. Nilimbembeleza hadi akasema, "Basi dada, nikiacha jenereta nyumbani, leta 10,000." Nikaridhia, nikajipongeza kwa kuwaokolea wanachama 2,000.

Tukaandikiana mkataba, na hapo ndipo nilipojitia usomi. Fundi alinena juu ya maiki na spika. Mimi nikaandika "vipaza sauti vinne". Nilikusudia maiki nne: moja ya mfawidhi, mbili za kwaya, na moja ya mgeni wetu wa heshima. Fundi akatia sahihi bila kusita.

Mgeni huyo ni mwalimu wangu wa shule ya upili, aliyenifunza kwamba shairi huimbwa kabla ya kuchambuliwa. Siku zile aliposoma utenzi darasani, hata wapishi jikoni walitua miiko. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo, na sauti iliyobaki ikawa kama karatasi inayokunjwa. Nilipompigia simu kumwalika alikataa. "Mwanangu, sauti sina tena." Nikamjibu, "Mwalimu, utakuwa na maiki yako peke yako. Hutahitaji kuipandisha sauti hata kidogo." Tazama basi: kwa simu nilisema maiki.

Siku ikawadia. Saa sita mchana fundi alishusha spika nne kubwa, akazipanga kwenye pembe za ukumbi, akatoa maiki moja mfukoni mwa koti. Nilimvaa kwa ukali. Naye kwa upole akaikunjua nakala yake ya mkataba. "Dada, umeandika vipaza sauti vinne. Si ndivyo hivi? Vile vya msikitini vinaitwaje?" Nilikosa la kumjibu. Neno hilo kwa kweli hutumika kwa vyote viwili, kinachopokea sauti na kinachoitoa, na hakuna aliyeumia kwa utata huo kuliko mimi mchana ule. Maiki nyingine hazikupatikana mjini. Zilikuwa kwenye kampeni.

Kundi la isukuti kutoka Shinyalu lilifungua hafla. Ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, hutegemea ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na haihitaji fundi wala waya. Ukumbi ulitikisika.

Kwaya ilipoishika ile maiki moja, mitambo ilipiga mluzi wa kupasua masikio. Fundi alinieleza huku akikimbia: sauti ikitoka kwenye spika iliyo nyuma ya msemaji, huingia tena kwenye maiki, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, hadi inapiga yowe. Akazima spika mbili za nyuma, akazisogeza za mbele zitangulie jukwaa na kuwaelekea wasikilizaji, akapunguza sauti. Kisha akampa Mwalimu maiki mkononi, akamwambia kwa adabu, "Mzee, ilete karibu na mdomo, kama kikombe cha chai. Usiiogope."

Beti mbili za kwanza zilisikika vyema. Nilimwona Mwalimu akishangaa sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka ukutani, akatabasamu. Katika ubeti wa tatu mvua ya Kakamega, ambayo alasiri hushuka bila kubisha hodi, ilimwagika juu ya mabati. Dakika chache baadaye stima ikapotea.

Mwalimu aliendelea. Midomo yake ilicheza, nasi tuliokuwa safu ya kwanza hatukusikia ila mvua. Wanafunzi walivuta viti wakamzunguka. Alijaribu ubeti mwingine, akakohoa, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Hakunitazama. Laiti angenitazama! Zile shilingi 2,000 zilikuwa bado kwenye simu yangu.

Stima ilirejea saa kumi na mbili na nusu, wageni wengi wakiwa wamekwenda zao. Fundi, aliyekuwa akikunja nyaya, alisita. Akaichomeka tena maiki, akaipeleka alikoketi Mwalimu akisubiri gari. "Mzee, malizia. Hata mimi nataka kujua ilivyokwisha." Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mwalimu aliisoma kazi yake yote tangu mwanzo, beti kumi na nne, kwa mahadhi, akipumzika kila baada ya beti mbili. Fundi hakudai nyongeza ya saa hiyo moja.

Niliporipoti kwenye kamati nilikiri makosa yote mawili, la neno na la jenereta. La jenereta lilisamehewa upesi. Kuhusu la neno, nilipendekeza kwamba mikataba yetu ijayo iandikwe "maiki" na "spika". Mwenzangu mmoja alisimama akapinga kwamba hayo si maneno ya chama cha Kiswahili. Tulijadiliana hadi magharibi. Kumbukumbu za mkutano huo zinaonyesha kuwa suala liliahirishwa.