Mama alipowatembelea ndovu kwao

Nyumbani kwetu, chini ya kilima cha Sagalla karibu na mji wa Voi, ndovu ni mgeni asiyebisha hodi. Huja usiku, hasa Desemba na Januari mahindi yanapokomaa, akala anachotaka, akakanyaga anachobakisha, na kabla ya jogoo kuwika amekwisha kurudi porini. Mama yangu amepita miaka 70. Amewafukuza ndovu kwa kupiga madebe, kwa mienge na kwa mayowe tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Lakini katika umri wake wote hakuwa amewahi kupita lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, ambalo haliko mbali na mji tunaokwenda sokoni kila wiki.

"Niende kufanya nini?" alikuwa akiuliza kila nilipomtajia. "Wao si huja wenyewe? Tena bila tikiti."

Huenda wewe msomaji uliye Umoja au Kangemi unadhani hayo ni ya watu wa kwetu pekee. La. Wangapi kati yetu tunaoishi Nairobi tumewahi kuingia katika ile mbuga iliyo mlangoni mwa jiji, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 1946? Tumezoea kwamba kuwatazama wanyama ni kazi ya mgeni mwenye kofia pana na kamera kifuani. Sisi wenyewe tunawaona kwenye noti na kwenye chupa ya bia.

Likizo ya Agosti mwaka jana, binti yangu, aliyekuwa gredi ya sita, alirudi nyumbani na kazi ya shule: apige picha za wanyamapori na kuandika maelezo yake. Basi nikaazima kamera ya mpiga picha mmoja tunayefanya kazi pamoja, yenye lenzi ndefu kama mtutu, tukapanda treni ya Madaraka hadi Voi. Nilikuwa na jambo langu jingine pia, ambalo sikumwambia mtu. Januari iliyotangulia, kundi la ndovu lilikuwa limeingia shambani kwa Mama na kumaliza mahindi na pojo katika usiku mmoja. Ndugu zangu nami tulikuwa tumeafikiana kwamba mzee huyu sharti aache shamba aje aishi nami Nairobi. Nilikuwa nimetumwa kumwambia. Nilitumaini kwamba siku nzima ndani ya gari ingenipa nafasi.

Mama alikubali kwenda kwa sababu mjukuu alimwomba. Mimi ningeomba hadi leo.

Tulikuwa langoni saa kumi na mbili alfajiri. Malipo hufanywa kwa mtandao, pesa taslimu hazipokelewi, kwa hivyo yakamilishe kabla ya kuondoka nyumbani usije ukasimama pale ukipapasa simu huku jua likipanda. Nalihimiza hilo la mapema kwa sababu mwenye kamera alinifunza hivi: saa mbili za kwanza za asubuhi na mbili za mwisho za jioni ndizo za picha. Jua la mchana hutoka juu kabisa, likamfanya mnyama aonekane bapa kama gunia, na joto linalofuka ardhini huifanya picha itetemeke. Jingine alilosema ni kwamba dereva azime injini, kwani mtikisiko wake huharibu picha hata kama mkono wako ni thabiti, nayo lenzi uilaze juu ya mfuko mdogo wa maharagwe dirishani. Maharagwe hatukuwa nayo. Mama alitutilia kunde katika soksi kuukuu ya marehemu baba, ikafaa kabisa.

Mbuga za Tsavo zilianzishwa mwaka wa 1948, na zote mbili, Mashariki na Magharibi, zina zaidi ya kilomita mraba 20,000. Kwa hivyo usitarajie wanyama wakungoje langoni. Kwa saa nzima tuliona vumbi jekundu na vichaka vilivyokauka, kisha punda milia, kisha twiga wawili. Baadaye dereva akatuonyesha swala twiga, ambaye binti yangu alimpenda kuliko wote. Ni swala mwenye shingo ndefu na nyembamba, na hula akiwa amesimama kwa miguu ya nyuma kama mtoto anayefikia sukari kabatini. Husemekana anaweza kukaa muda mrefu sana bila kunywa maji, unyevu wa majani ukamtosha. Tulisimama pale dakika ishirini. Binti akapiga picha zaidi ya 60 na, kusema kweli, tatu zilikuwa nzuri.

Simba tuliwaona pia, kama ilivyo ada: magari manane yamemzunguka jike mmoja aliyelala usingizi. Hawa ndio wajukuu wa wale simba wawili waliowala vibarua wa reli mwaka wa 1898. Mama alimtazama kidogo, akasema anafanana na paka wake, akauliza kama chai ipo.

Ndovu tuliwakuta karibu na Aruba, kwenye bwawa lililochimbwa mwaka wa 1952 kwa kuziba mto Voi. Maji yalikuwa machache. Walikuja kutoka upande wa kusini, kundi la kumi na wanne, na wote walikuwa wekundu, kwa kuwa hujirushia udongo wa Tsavo mwilini ili kujikinga na jua na wadudu. Dereva alizima injini. Katika kimya kile, mtu ambaye hajawahi kuwaona kwa karibu hushangaa: mnyama wa tani kadhaa hukanyaga ardhi bila kishindo.

"Ndivyo wanavyokuja," Mama akamnong'onezea mjukuu wake. "Huwezi kusikia miguu. Sikiliza tumbo. Tumbo hunguruma. Na masikio yakipiga, pa, pa, ujue yuko karibu na mlango wa jikoni."

Kuanzia hapo hatukumsikiliza dereva tena, na dereva mwenyewe aliacha kueleza akaanza kuuliza. Mama akatueleza jinsi kinyesi kinavyosema ndovu amepita lini na alikula kwa nani. Akaeleza kwamba yule wa kike mzee ndiye anayejua njia, na kwamba akikubali kurudi nyuma, wote hurudi. Akaeleza habari za jirani yake aliyezungushia shamba uzio wa mizinga ya nyuki, inayoning'inia kila baada ya mita kumi na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya mizinga hutikisika, nyuki wakatoka, naye ndovu humwogopa nyuki kuliko anavyomwogopa mtu mwenye debe. Ujuzi huo wa nyuki umefanyiwa majaribio kwetu Sagalla kwa miaka mingi na umenakiliwa na nchi nyingine. Lakini ukame ukizidi, Mama akaongeza, nyuki huhama, na hapo waya hubaki waya tu.

Nikamwomba ashike fimbo yake na akae dirishani ili nimpige picha pamoja na ndovu nyuma yake. Akakataa katakata.

"Sipigwi picha na mwizi."

Palikuwa na ndama, pengine wa miezi michache, ambaye hakujua bado kuutumia mkonga wake. Aliuchovya majini, ukamponyoka, akapiga magoti akanywa kwa mdomo. Binti yangu alicheka hadi akasahau kamera. Nilimtazama Mama nikidhani naye anacheka, lakini alikuwa akitazama ng'ambo ya bwawa, ambako hakukuwa na jani moja la kijani mpaka macho yanapokoma.

"Hapa hakuna kitu cha kuliwa," akasema baada ya muda mrefu. "Hiki wanachokula ni nini?"

Dereva akamwambia kwamba ukame ni mkali, na kwamba ndovu wenyewe wameongezeka. Hilo ni kweli. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu wa Tsavo, kisha majangili wakawamaliza wengi wa waliosalia hata ilipofika mwishoni mwa miaka ya themanini walikuwa wamebaki karibu 6,000 tu. Sensa ya mwaka wa 2021 iliwahesabu karibu 15,000 katika eneo hilo lote, kati ya 36,280 nchini kote. Hiyo ni habari njema, nami mwenyewe nimewahi kuiandika kama habari njema. Sikuwa nimewahi kuiandika nikiwa nimeketi kando ya mtu ambaye pojo lake ni sehemu ya hesabu hiyo.

Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikaanza kwa mbali, habari za miguu yake inayouma, habari za hospitali zilizo karibu Nairobi, chumba kilichopo. Mama alinisikiliza bila kuondoa macho kwa wale ndovu.

"Nikiondoka mimi, shamba litabaki na nani?" akauliza. "Na hawa?"

Sikupata la kusema. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mkulima alipwe fidia ya mimea iliyoharibiwa, na Mama alijaza fomu tangu Januari ile ile. Kila aendapo ofisini huambiwa faili iko njiani. Nisingeweza kumwambia kwamba Nairobi mambo huenda haraka zaidi.

Jua liliposhuka mwanga ukageuka rangi ya asali, na hapo ndipo nilipopata picha yangu ya siku. Dume moja kubwa lilitoka nyuma ya kundi na kusimama upande wetu, likapanua masikio. Sikio lake la kulia lilikuwa limetobolewa ukingoni, pembe tatu kamili, kama tikiti iliyopitia kwa kondakta. Wanaowachunguza ndovu huwatambua kwa masikio hasa, kama sisi tunavyotambuana kwa uso. Nilililenga jicho, nikabana pumzi, nikafyatua.

Mama akanyoosha shingo. "Huyo," akasema. "Huyo namjua."

Dereva akasema ndovu wenye sikio la namna hiyo si haba. Mama hakumjibu.

Tuliporudi Nairobi nilisafisha picha kumi na mbili nikamtumia kwa basi: swala twiga, ndama aliyepiga magoti, machweo, na ile ya dume. Binti yangu alipata alama nzuri shuleni. Wiki iliyofuata Mama akapiga simu. Picha nyingine, alisema, zinazungushwa na majirani. Ile ya dume ameitia katika bahasha pamoja na nakala ya fomu ya fidia, na Jumatatu anaipeleka ofisini.

Nikamweleza kwa upole kwamba picha ile ilipigwa mbugani mwezi wa Agosti, ilhali mahindi yaliliwa Januari, kwa hivyo haithibitishi chochote.

"Kwani mwizi hupigwa picha akiwa anaiba?" akauliza.

Kisha akaniomba nimtumie pesa za mbegu, kwa kuwa mvua ya vuli haiko mbali.