Pijo ya Guka Imefunguliwa Spea, na Sijutii

Wacha niseme mapema ndio usinitukane ukifika mwisho: Peugeot 504 ya guka yangu imefunguliwa spea, na mimi ndiye nilikuwa nimeshika tochi. Kama wewe ni wa kile kikundi cha "gari la zamani haliguswi", tulia kwanza. Soma yote, halafu tupigane.

Wanaonifuata wanajua mimi na magari ya zamani. Si yale yanayofunikwa shuka na kutolewa nje mara moja kwa mwaka. Napenda yale yaliyobeba watu, viazi na kuku, yakazeeka na mikwaruzo yake. Na ukipenda haya magari hapa Nairobi, utakutana na mtihani. Hakuna mtu atakuambia kuna mtihani, lakini upo.

Wangu ulikuwa Jumapili moja, kwenye maegesho ambapo wasee huleta magari yao ya zamani tuyaangalie. Mzee mmoja wa kofia alinikuta nimeinama kando ya 504 nyeupe, nikipiga picha. Akaniangalia kutoka juu hadi chini, vile mtu huangalia msichana aliyepotea njia.

"Hii gari ilishinda Safari Rally mara ngapi?"

"Mara mbili," nikamwambia. "1975 na Ove Andersson, 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Lakini ile ya 1978 ilikuwa Coupé yenye injini ya V6, si hizi zetu."

"Na 404?"

"Mara nne. 1963, 1966, 1967, 1968."

"Na hiyo 1963, magari mangapi yalifika mwisho?"

"Saba."

Mzee akaninunulia soda.

Siku hiyo nilihisi ni kama nimevaa joho la kuhitimu. Lile la ukweli sikuvaa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipoisha, na tangu hapo swali lolote lenye jibu moja hunifanya nikae wima kwenye kiti. Nikijua jibu, najisikia mtu. Nitarudi hapo.

Kama unaijua Safari kupitia Vasha tu, ngoja nikupe kidogo. Mashindano ya dunia yalirudi Kenya 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, lakini Safari yenyewe ilianza 1953. Enzi hizo madereva walikimbia maelfu ya kilomita kwenye barabara za kawaida, mvua ya Pasaka ikinyesha, ng'ombe wakivuka, na lori la mtu likija upande ule mwingine. Gari likimaliza Safari, mwananchi alielewa moja kwa moja: hili litafika kwetu. Ndiyo maana Pijo ikashika. Ilikuwa imetangazwa gari la mwaka Ulaya 1969, sawa, lakini hakuna mtu wa Nakuru aliyeinunua kwa sababu ya hiyo. Waliinunua kwa sababu waliiona ikitoka kwenye matope. 504 iliunganishwa hapa Kenya, na kazi hiyo iliendelea miaka mingi baada ya Wafaransa kuacha kutengeneza ile ya kawaida kwao mwaka wa 1983.

Halafu kuna ile ndefu, stesheni wagoni. Hiyo ndiyo ya guka. Peugeot hawakushona tu mkia kwenye gari la kawaida. Walivuta umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma kutoka karibu sentimita 274 hadi 290, wakaweka safu tatu za viti kwenye toleo la familia, na nyuma wakaweka ekseli nzima iliyokaliwa na springi nne, mbili kila upande. Springi nne! Magari mengi ya kawaida yana mbili tu. Hii ndiyo siri iliyofanya Pijo ijazwe watu ndani, ijazwe magunia kwenye keria, na bado isiburuze tumbo.

Hii ya springi nne ndiyo ilikuwa ngoma yangu. Nilifanya video yake miaka miwili iliyopita, nikiwa nimesimama kando ya gari la guka, nikaligonga bodi na kiganja na kusema kwa sauti ya mtu anayejua, "Hapa chini kuna springi nne." Watu walipenda. Na mimi nilijipenda.

Guka aliendesha hiyo Pijo kama matatu, Nakuru hadi Nairobi na kurudi, tangu mamangu akiwa mtoto. Karibu kilomita 160 kila upande. Alikuwa na jerikeni ya maji ya rejeta nyuma ya kiti chake, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa hata akiwa na kiu ya kufa. Mwaka wa 2004 sheria za Michuki zilipoanza, matatu zote zikatakiwa kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo. Guka akapiga hesabu, akaangalia nissan za abiria 14 zilizokuwa zimejaa steji, akaegesha Pijo chini ya mparachichi nyuma ya nyumba. Akasema ni ya kupumzika kidogo. Ilipumzika hadi yeye mwenyewe akapumzika, na mimi sikuwahi kupanda ikitembea. Nilikuwa mtoto wa kubebwa ilipoegeshwa. Naijua ikiwa juu ya mawe, kuku wakitaga kwenye buti.

Mwaka huu shosh akasema inatosha. Anataka tangi la maji, na mahali pa kuliweka ni palepale Pijo imekaa.

Usiniambie ningeifufua. Nilipiga hesabu hadi karatasi ikaisha. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi nyasi zikaota kupitia kwa miguu ya dereva. Injini ilikuwa imeshika. Pesa niliyokuwa nayo haingetosha hata kuchomelea mlango mmoja.

Kwa hivyo tukapata wateja watatu. Wa chuma chakavu, ambaye alitaka kuipima kwa kilo. Wa mkahawa fulani Nairobi, ambaye alitaka bodi ipakwe rangi nyekundu na kuwekwa kwenye bustani, wateja wakae ndani wakinywa kahawa. Huyo alikuwa na Sh80,000. Na fundi wa Nakuru, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye alitaka ekseli, springi, giaboksi na vitu vingine vya chini. Yeye alikuwa na Sh50,000, akaongeza kwamba bodi tutabaki nayo.

Mimi nilikuwa upande wa mkahawa, siwezi kudanganya. Nilishaona video kichwani: Pijo nyekundu, taa za usiku, mimi nimeegemea boneti. Nikaenda kumshawishi shosh.

"Huyo wa Nairobi atairudisha barabarani?" akauliza.

"Hapana, shosh. Itakaa kwa bustani. Watu watakuwa wanakula na kunywa ndani."

Shosh alicheka hadi akashika ukuta. "Maitu, guka yako alishukisha mtu Gilgil kwa sababu ya kula mahindi ndani ya hiyo gari."

"Lakini ni elfu themanini."

"Na huyu fundi, anapeleka wapi?"

"Kuna Pijo ingine kama hii Ol Kalou. Inabeba maziwa. Ekseli yake imeisha."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nilikasirika. Elfu thelathini si pesa ya kurusha, na hakuna mtu hufuata ukurasa wa msichana kwa sababu ya ekseli. Lakini gari ni la shosh.

Fundi alikuja Jumamosi na vijana wawili. Shosh akaletewa kiti, akakaa chini ya mparachichi kama mtu anayesimamia mavuno. Mimi nikashika tochi mkono mmoja na simu mkono mwingine, nikaanza kurekodi. Kama hatuendi mkahawani, angalau nipate kitu.

"Wasee, leo tunaona chini ya 504 stesheni wagoni," nikasema kwa simu, "na kama mnavyojua, nyuma iko na springi nne, mbili kila..."

"Tatu," sauti ikatoka chini ya gari.

"Nne, fundi."

"Kuja uone."

Nikalala kwenye mchanga na nguo zangu za kurekodia. Upande wa kushoto, springi mbili. Upande wa kulia, springi moja nzima, na ya pili imekatika. Pale ilipokatika palikuwa pameshindiliwa kipande kinene cha mpira, kimekatwa kutoka kwenye tairi ya lori, hadi ungeweza kuona meno ya tairi. Kilikuwa kimefungwa kwa waya, mizunguko mingi, umepigwa fundo moja baada ya lingine. Waya ulikuwa umeshika kutu lakini haukuwa umelegea.

"Mtu alifunga hii akiwa na haraka," fundi akasema, "lakini alijua anafanya nini."

Shosh akasema kutoka kwenye kiti chake, bila hata kusimama, "Hiyo ni ya El Niño."

Mwisho wa 1997, mvua ile ambayo wazazi wetu wote wana hadithi yake. Guka alikuwa anarudi Nakuru na gari limejaa. Karibu na Kinungi akaingia shimo lililojaa maji, nyuma ikalia, na upande mmoja ukashuka. Kando ya barabara kulikuwa na vipande vya tairi ya lori iliyopasuka. Abiria walishuka, mmoja akashika taa, mwingine akatoa kisu alichokuwa amenunua Nairobi, bado kiko kwenye karatasi. Walikata ule mpira kwa zamu. Guka alifika nyumbani saa kumi alfajiri, matope hadi kwenye kope, na shosh alikuwa bado amekaa jikoni na chakula kwenye makaa.

"Mbona hakununua springi ingine?" nikauliza.

"Ilikuwa Desemba. Januari mamako anaingia kidato cha tatu, na ndugu zake wawili nyuma yake. Akasema atanunua Februari."

Akanyamaza kidogo.

"Ikatembea tu. Abiria hawakujua. Sasa ukishaona haijaanguka, kila Februari iko na shida yake."

Niliacha kurekodi hapo. Si kwa heshima, msinisifu bure. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Gari hilo lilitembea zaidi ya miaka sita na springi tatu, kila siku, na ile ya nne ndiyo mamangu alisomea. Mimi nimesimama kando yake, nimeligonga, nimewaambia watu ziko nne. Jibu lilikuwa sahihi kwa kila 504 ndefu iliyotoka kiwandani. Halikuwa sahihi kwa yetu, na sikuwahi kuinama niangalie.

Sasa maoni yangu, kwa sababu mlikuja kwa maoni. Sitaki mwache kukariri. Mimi bado naweza kukutajia washindi wa Safari nikiwa usingizini, na nitafurahi ukinibishia. Lakini ukweli wa Ove Andersson umeandikwa, hautapotea hata sisi wote tukinyamaza leo. Ukweli wa magari yaliyotulisha umekaa kwa mafundi wenye migongo mibovu na kwa mashosho wanaolala mapema. Hawa hawaulizwi, kwa sababu sisi tunawaendea tukiwa tayari na majibu.

Na jambo la pili, la wale wanaosema nimeharibu urithi. Pijo zinazotembea leo zinatembea kwa sababu Pijo zingine zilifunguliwa. Ukiona moja inapanda mlima, ujue chini yake kuna giaboksi ya ingine, taa za ingine, mlango wa ingine. Tukizipaka zote rangi nyekundu na kuziweka kwenye bustani, tutakuwa na picha safi na hakuna hata moja ya kupanda. Mkahawa haukuwa na makosa. Ulitaka kiti cha kukalia, na Pijo yetu bado ilikuwa na kazi.

Wiki tatu baadaye fundi alinipigia simu, nikaenda Ol Kalou. Ile Pijo ya maziwa ni rangi ya kijivu, au ilikuwa. Mwenyewe alinipa kiti cha mbele, mitungi ikigongana nyuma yetu. Sijui nilitarajia nini. Tulipita kwenye mashimo ya barabara ya murram, nyuma ikashuka, ikapanda taratibu, ikatulia. Ekseli ya guka, springi tatu za guka, na ya nne fundi aliitoa kwenye gari lingine. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuhisi gari letu likitembea. Sikurekodi, na hapa nakiri nilisahau tu.

Tangi la shosh ni la lita 5,000, limekaa pale chini ya mparachichi. Bodi ilienda kwa yule wa kilo. Kile kipande cha tairi fundi alikataa kukichukua, akasema hicho hawezi kumuuzia mtu. Nikataka kukibeba Nairobi, nikiweke kwenye rafu nyuma yangu nikirekodi, mkione.

Shosh akakataa. Anakitumia kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo.

"Wacha hapo," akasema. "Bado kinafanya kazi."