Weusi wa Machungwa ya Muheza

Msimu wa machungwa ukifika kwetu Muheza, babu alikuwa akikaa kwenye kigoda chini ya mwembe, anachomoa Okapi yake mfukoni, nasi wajukuu tunasogea. Kisu kile kilifunguka kwa mlio, kra-kra-kra, meno yake yakishika moja baada ya jingine. Alimenya chungwa kwa ganda moja refu lisilokatika, akalikata kichwa, akampa kwanza aliye mdogo kuliko wote.

Kwa macho niliyokuja kuwa nayo baadaye, kisu kile kilijaa kasoro. Ubapa wake ulikuwa mweusi wenye ubuluu, maana chuma cha kaboni hubadilika rangi kikikutana na maji ya machungwa mwaka baada ya mwaka. Mpini wa mti ulikuwa na ufa uliozungushiwa waya wa shaba. Katika yale mapambo ya mwezi na nyota, nyota moja ilikuwa imebanduka. Ubapa ukianza kucheza, babu alikilaza kisu juu ya jiwe, akaigonga ribiti kwa nyundo mara mbili tatu, taratibu, akaujaribu tena kwa kidole gumba. Siku moja nilimuuliza kwa nini hanunui kingine. Akasema, "Mjukuu wangu, kinakata, na hakinifungikii vidoleni. Kingine cha nini?"

Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili ziuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na Tanga wakati huo ilikuwa chini ya Mjerumani. Tangu mwaka 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Cha babu kilikuwa cha kule Ujerumani, na sidhani kama aliwahi kuwaza kwamba kisu kinaweza kurudishwa kwa aliyekitengeneza.

Wazo hilo mimi nililikuta Sheffield, Uingereza, nilikokwenda kusoma mwaka 1998. Huo ni mji wa visu tangu karne nyingi. Huko nilinunua kisu changu cha kwanza kipya: mpini wa pembe ya kulungu, springi ya mgongoni isiyo na kufuli, ubapa usiozidi inchi 3, kama sheria ya Waingereza inavyotaka kwa kisu cha kutembea nacho mfukoni. Ndani ya kijisanduku kulikuwa na kadi ya dhamana ya maisha dhidi ya dosari za malighafi na za ufundi.

Kadi ile ilinibadilisha. Nilianza kukichunguza kisu kama mtu anayetafuta kosa la jirani. Nilikiinua dirishani nione kama mwanga unapenya kati ya springi na bati la shaba. Ulipenya, uzi mwembamba. Nilikikunja nikaona ubapa umeegemea kushoto. Pembe ya upande mmoja ilikuwa nyeupe zaidi ya mwenzake. Vitu hivi vilininyima raha, na nikanunua vingine viwili nikitafuta kisicho na ila. Sikukipata.

Mara ya kwanza niliyorudisha kisu nilikuwa na haki. Springi ilikuwa imechoka kabla ya wakati, ubapa ukining'inia kama mlango uliong'oka bawaba. Walikitengeneza vizuri, bila malipo. Mara ya pili ndiyo inayoniuma hadi leo. Kile cha kwanza, ambacho kwa miaka minne kilikuwa kimekata maembe, vitunguu na machungwa hadi ubapa wake ukapata rangi ya ubapa wa babu, nilikituma kwa ajili ya ule uzi wa mwanga tu. Kilirudi baada ya wiki sita. Mwanya ulikuwa umezibwa. Lakini fundi alikuwa amekipitisha kwenye gurudumu la kung'arishia, ubapa ukimeremeta kama kioo, umepungua upana, na weusi wote umekwenda. Hakuniibia kitu. Alidhani ananifanyia hisani, na mimi sikuwa nimemwandikia neno lolote la kumzuia.

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda kwenye jumba la makumbusho la Kelham Island, mjini humohumo, ambako Stan Shaw alikuwa na karakana yake. Alizaliwa mwaka 1926, akaanza ufundi wa visu vya mfukoni akiwa kijana mdogo, na aliufanya kwa zaidi ya miaka 70. Alifariki mwaka 2021. Pale nilielewa kwa nini ule mwanga hupenya. Kisu cha namna hii hupangwa vipande vyake, hujaribiwa, hufunguliwa, hupigwa tupa, hupangwa tena. Mgongo wa ubapa na springi vinatakiwa vilingane kisu kikiwa wazi, kikiwa nusu, na kikiwa kimefungwa. Unywele mmoja wa chuma ukiondolewa pahala pamoja, unaharibu pengine. Pembe na mfupa navyo hunywea hewa ikikauka. Mwanya wa unene wa karatasi katika kazi hiyo ni alama ya mkono, wala haupunguzi ukataji hata chembe.

Hata hivyo, maneno "kazi ya mkono" yasiwe kichaka cha kufichia uzembe. Ubapa unaocheza kushoto na kulia kisu kikiwa kipya, rudisha. Springi isiyoshika, rudisha siku hiyohiyo, maana ni vidole vyako. Makali yanayogonga springi kila ukifunga, hadi yakapata pengo katikati, rudisha. Ufa unaoanzia kwenye ribiti, rudisha. Lakini ubapa ulioegemea upande bila kugusa bati, uache. Weusi, uache. Kisu kilicholika kwa kunolewa hakidaiwi dhamana, kimefanya kazi yake.

Okapi ya babu sasa iko kwa dada yangu, palepale Muheza. Nilipokwenda mwaka jana ubapa ulikuwa unacheza. Nikatafuta jiwe na nyundo, nikagonga ribiti mara tatu, nikatia tone la mafuta. Dada akamenya chungwa.

Nawe ukilazimika kukituma kisu chako kwa fundi, funga pamoja nacho karatasi yenye maneno machache, uyaandike kwa herufi kubwa: tengenezeni springi, ubapa msiuguse.