Maji Mageni
Tulipohamia Seeb kutoka Ruwi, tulihama na tangi la maji ya bahari alilotuachia marehemu babu, pamoja na samaki wake wawili. Wiki ya pili mwani wa kijani ukatanda kwenye vioo. Tukiukwangua jioni, asubuhi umerudi. Tuliogopea samaki.

Tukasoma sababu: mchanga ukivurugwa hutoa uchafu uliotulia, na baadhi ya bakteria wanaosafisha maji hufa njiani. Nitrati na fosfati zikizidi, mwani hushiba.

Tukapunguza chakula na saa za taa, tukabadilisha maji kidogo kidogo. Bibi, aliyezaliwa Unguja, akasema, “Maji hayo bado mageni, wajukuu zangu. Yapeni siku.”

Mwezi wa pili vioo viling’aa. Samaki wote wawili wazima.